Swali la lugha: Muziki wa chumbani na piano tatu

SWALI: Msomaji wetu wa Ngamiani, Tanga, anaimba kwaya na amepewa kazi ya kutafsiri karatasi ya maelezo ya onyesho la muziki wa kale wa Ulaya. Ameandika “muziki wa chumbani”, “piano tatu” na “mwendo wa pili”. Wenzake wamecheka waliposoma hilo la kwanza. Anauliza aandikeje.

JIBU: Ndugu yangu, wenzako wamecheka kwa kuwa kwetu mambo ya chumbani ni ya mke na mume. Muziki huo, kwa Kiingereza “chamber music”, ulipata jina kwa sababu ulipigwa ndani ya majumba ya wakubwa, si kanisani wala kwenye jumba la maonyesho. Wapigaji ni wachache, kila mmoja ana sauti yake peke yake, na kwa kawaida hakuna kiongozi wa kuwaongoza kwa kijiti. Mimi ningeandika “muziki wa chemba”. Wapo watakaowaza chemba ya maji taka, lakini bado tunasema “alimwita chemba”, yaani pembeni, wakateta. Maana hiyo inaukaa muziki huu vizuri sana. Mwaka 1829 Goethe, mshairi wa Kijerumani, alimwandikia rafiki yake Zelter, mtunzi wa muziki, kwamba katika kwarteti ya nyuzi, yaani muziki wa ala nne za nyuzi, mtu husikia watu wanne wenye akili wakizungumza.

Kosa zito ni “piano tatu”. Ulichotaka kutafsiri ni “piano trio”, na trio ni muziki wa ala tatu. Trio ya piano ina piano moja tu, pamoja na fidla na selo, ala ya nyuzi iliyo kubwa kuliko fidla. Atakayesoma karatasi yako atangoja piano tatu zipangwe jukwaani! Kwarteti ya piano nayo ni piano moja, fidla, viola (kubwa kidogo kuliko fidla) na selo. Kwarteti ya nyuzi ni fidla mbili, viola na selo. Usikimbilie “utatu wa piano”, maana mwanakwaya akisikia Utatu anajua unazungumzia nini. Taja ala zote: “trio ya piano, fidla na selo”. Maneno yanaongezeka kidogo, lakini hakuna atakayepotea.

“Mwendo” liache kwa kasi ya muziki: allegro ni mwendo wa haraka, adagio wa polepole. Kipande cha utunzi, kwa Kiingereza “movement”, kiite “sehemu”. Hapo utaweza kuandika “sehemu ya pili, mwendo wa polepole” bila kujikanyaga.

Namba za opasi, yaani namba zinazopewa kazi za mtunzi, ziache zilivyo. Opasi moja huweza kubeba tungo kadhaa. Opasi 18 ya Beethoven ina kwarteti sita, kwa hiyo “opasi 18 namba 4” ni utunzi mmoja kati ya hizo.

Upatanisho wa kisarufi nao usikusumbue. Utunzi ni “kwarteti hii imepigwa”. Wapigaji waite wanakwarteti, kama mnavyojiita wanakwaya, kisha uandike “wanakwarteti wameingia”.