Kabla Hujahesabu Pete, Uliza Kwanza Ligi Ilikuwaje

Kama umewahi kukaa kwenye grupu la WhatsApp la watu wa kikapu basi hii unaijua, mtu anauliza kati ya Jordan na LeBron nani zaidi, hata hujamaliza kusoma kuna mwenzake kashaandika 6 kwa 4, yaani idadi ya pete za ubingwa za kila mmoja, na anataka mjadala ufungwe. Mi nimebishana kwenye hayo magrupu miaka mingi na ushauri wangu kwa yeyote anayeupenda huu mchezo ni mmoja tu, usikubali hesabu ya pete ije peke yake. Pete inachukuliwa ndani ya ligi, na hiyo ligi ina timu ngapi, mchezaji anaruhusiwa kuhama au haruhusiwi, mishahara ina kikomo au haina, vipaji vipya vinagawiwaje, hayo ndo yanaamua nani atazungukwa na wenzake wa maana na nani ataibeba timu peke yake mpaka mgongo ukatike.

Chukua Bill Russell. Ubingwa mara 11 ndani ya misimu 13 akiwa na Boston Celtics, 1957 mpaka 1969, na kati ya hizo 8 ni mfululizo bila kupumzika. Kama pete ndo kila kitu basi mjadala uliisha zamani sana, Jordan na LeBron wagombanie nafasi ya pili huko. Alafu wapo wa upande wa pili wanaosema eti enzi zile hakukuwa na ligi, alikuwa anacheza na watu wa kawaida tu. Wote wawili wanakosea na wanakosea kwa sababu moja, hawajaangalia ligi yenyewe. Russell alipoingia NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani, ilikuwa na timu 8. Aliyeongoza kanda yake alikuwa anasubiri wengine watoane kwanza, kwahiyo miaka mingi Boston ilihitaji kushinda raundi mbili tu kuwa bingwa, wakati leo unapita raundi nne na unahitaji ushindi 16. Na mchezaji hakuwa na ubavu wa kuondoka, mkataba ukiisha timu bado inakumiliki, ndo maana Boston iliweza kuwaweka pamoja kina Bob Cousy, Sam Jones, Heinsohn na baadaye Havlicek bila kuogopa kwamba kuna mtu atakuja kuwachukua. Huo ni msaada mkubwa. Lakini hizo hizo timu 8 maana yake wakali wote walibanwa kwenye nafasi zisizofika hata 120, hakuna timu kibonde ya kupigia mazoezi, unakutana na majabali wale wale wiki baada ya wiki.

Na jabali kuliko wote alikuwa Wilt Chamberlain. Msimu wa 1961-62 huwa nawaambia watu wausome polepole. Wilt alipata wastani wa pointi 50.4 kwa mechi. Alicheza wastani wa dakika 48.5 wakati mechi ina dakika 48, yaani karibu hakutoka uwanjani kabisa na akaongezewa za nyongeza juu. Tarehe 2 Machi 1962 pale Hershey, Pennsylvania akaifunga Knicks pointi 100 peke yake. Tuzo ya MVP, yaani mchezaji bora wa ligi, ya msimu huo ikaenda kwa nani? Russell. Na waliopiga kura walikuwa wachezaji wenyewe, watu waliokuwa wanakutana nao wote wawili uwanjani! Kisha kwenye fainali ya kanda ya mashariki wakafika mechi ya 7, Boston ikashinda 109-107 kwa shuti la Sam Jones zikiwa zimebaki sekunde kama mbili hivi. Sasa jiulize, shuti la Sam Jones lingegoma, Russell angekuwa mchezaji mdogo kuliko alivyokuwa sekunde tano kabla? Hapana bana. Lakini hesabu ya pete ingebadilika na sisi leo tungekuwa tunaongea stori nyingine kabisa.

Kikapu kina tatizo lake ambalo mpira wa miguu hauna sana. Uwanjani mko watano tu, supastaa anaweza kucheza dakika 40, timu inashambulia karibu mara mia kwa mechi, alafu kwenye mtoano mnarudiana mpaka mechi 7. Bahati inakosa pa kujificha. Kwenye soka timu ndogo inaweza kupaki basi ikapata goli moja la kona ikaondoka na pointi zake, kwenye NBA huwezi kufanya hivyo mara nne kwa timu iliyokuzidi. Ndo maana mtu mmoja akitua sehemu sahihi ligi nzima inapinda. Mwaka 1969 Milwaukee na Phoenix zilirushiwa shilingi ili kujua nani atamchukua Kareem Abdul-Jabbar, wakati huo akiitwa Lew Alcindor. Zote zilikuwa timu mpya za mwaka mmoja tu. Phoenix ikachagua upande, shilingi ikaangukia mwingine. Miaka miwili baadaye Milwaukee ni bingwa. Phoenix ikafika fainali 1976, 1993 na 2021 na zote ikapoteza, na hiyo ya 2021 aliyeifunga ni Milwaukee hao hao.

Kwahiyo ligi ilibidi itafute namna. Baada ya kesi ya Oscar Robertson, mchezaji aliyeishtaki ligi, iliyomalizwa 1976 wachezaji wakaanza kupata uhuru wa kuhama, msimu wa 1984-85 kikaja kikomo cha mishahara cha dola milioni 3.6 kwa timu, na 1985 bahati nasibu ya drafti, yaani mgawo wa wachezaji wapya, ili timu zisifungwe makusudi kutafuta chaguo la kwanza. Wengi wanadhani ukiweka kikomo basi mizani inakaa sawa. Sio rahisi hivyo. Kikomo cha NBA kina matundu, timu iliruhusiwa kukivuka ikimsaini tena mchezaji wake, na msimu wa 1997-98 Jordan peke yake alilipwa zaidi ya dola milioni 33 wakati kikomo cha timu nzima kilikuwa milioni 26.9. Alafu 1999, baada ya matajiri wenye timu kuwafungia wachezaji nje, ligi ikaweka na dari ya mshahara wa mtu mmoja mmoja, na kwa maoni yangu hapo ndo mlango wa timu za masupastaa ulifunguliwa wazi. Fikiria, kama LeBron thamani yake halisi ni nusu ya bajeti ya timu lakini sheria inasema alipwe robo na ushee, inabaki nafasi ya kuwaweka Dwyane Wade na Chris Bosh pembeni yake, na ndicho kilichotokea Miami 2010. Dari iliyowekwa kuwasaidia matajiri wadogo ndo iliyowaruhusu wakali kukusanyana.

Na ile ya 2016 ndo mfano wangu mkubwa. Hela mpya za televisheni zilifanya kikomo kiruke kutoka dola milioni 70 mpaka milioni 94 ndani ya kiangazi kimoja. Golden State walikuwa wametoka kushinda mechi 73 za msimu wa kawaida, nyota wao Stephen Curry alikuwa bado kwenye mkataba wa zamani wa miaka minne kwa milioni 44, hela ikabaki, supastaa mwingine Kevin Durant akaingia. Mtoano wa 2017 walishinda 16 wakapoteza 1. Watu wanamtukana Durant mpaka leo, mi nawaambia waitazame na meza ya mahesabu ya ligi, ile nafasi haikuwepo mwaka kabla na haikuwepo mwaka baada.

Ukitaka kubishana vizuri kuhusu usawa pia usichukulie kwamba usawa ni mzuri kila saa. Miaka ya 70 timu 8 tofauti zilichukua ubingwa ndani ya miaka 10, na bado ligi ilikuwa inasuasua, mechi za fainali nyingine zilirekodiwa zikaonyeshwa usiku baadaye. Miaka ya 80 Lakers na Celtics wakachukua 8 kati ya 10, na ndo kipindi ligi ilipopaa, kwa sababu watu walitaka Magic Johnson wa Lakers na Larry Bird wa Celtics. Sasa hivi tumerudi kwenye kugawana, kuanzia 2019 mpaka 2025 mabingwa 7 tofauti katika miaka 7, Toronto, Lakers, Milwaukee, Golden State, Denver, Boston, Oklahoma City. Haijawahi kutokea kabla kwenye NBA. Mi binafsi naipenda hii, najua wapo wanaolilia enzi za timu moja kutawala na siwaelewi kabisa, timu yoyote inayojengwa kwa akili sasa ina njia.

Kwahiyo ukiingia kwenye ubishi lazimisha kwanza swali lieleweke. Tunaongelea kilele, urefu wa maisha uwanjani, au mafanikio? Kwa kilele namuweka Jordan, kwa urefu LeBron hana mpinzani. Alafu kila pete iulizwe maswali, alikuwa na nani, timu ilimpataje, waliofungwa walikuwa nani. Jordan aliingia fainali mara 6 akashinda zote na huwezi kumnyang'anya hilo, ila kati ya 1988 na 1995 ligi iliongeza timu 6 na vipaji vikatawanyika, litaje hata kama unampenda. LeBron kwenye fainali ya 2016 alitoka nyuma 3-1 dhidi ya ile Golden State ya ushindi 73 akabeba ubingwa, hiyo pete moja mi naipa uzito kuliko nyingi za watu wengine.

Na usimsahau Kareem, huyo ndo anaonewa kuliko wote kwenye hii mijadala. Kati ya 1971 na 1977 alibeba MVP mara 5, alikuwa mchezaji bora duniani bila ubishi, na miaka hiyo yote alipata pete moja tu. Alafu akiwa mtu mzima, kasi imepungua, Magic akaja Los Angeles na zikaja nyingine 5. Ukihesabu pete utaamini ubora wake ulikuwa miaka ya 80. Tafuta fainali ya 1974 mechi ya 6, Boston, dakika za nyongeza mara mbili, Milwaukee wako nyuma kwa pointi moja, Kareem anageuka pembeni anaachia ile "hook" yake, shuti la mkono mmoja juu ya kichwa, zikiwa zimebaki sekunde 3, 102-101. Mechi ya 7 wakafungwa nyumbani. Itafute uiangalie yote, sio klipu, kabla hujaandika namba yoyote kwenye grupu.