Maswali ya wasomaji: tunataka kununua tela la kulala

SWALI: Kaka shikamoo. Sisi ni familia ya watu watano, tunaishi Columbus, Ohio. Watoto wamenisumbua mwaka mzima wanataka RV (gari au tela la kulala) kama ya jirani, sasa tumeona tela moja kwenye yadi, futi 24, lina vitanda vya deki, jiko, choo na bafu, bei dola 16,500. Sisi tuna 9,000 taslimu, muuzaji anasema iliyobaki tukope tulipe kwa miaka 12, na anasema Highlander yetu italivuta bila shida maana tela likiwa tupu ni paundi 4,200 na gari inavuta 5,000. Tunataka Julai tuende Great Smoky Mountains. Mume wangu ameshakubali ila mi roho inasita. Tufanyeje?
Mama wa watatu, Columbus

JIBU: Marahaba dada yangu, na asante kwa kuandika kabla hamjasaini, wengi wananiandikia wakiwa wameshasaini na hapo sina la kuwasaidia. Msisaini.

Nianze na uzito kwa sababu hapo ndo zilipo roho za watu watano, mengine yote ni hela tu. Hizo paundi 4,200 ni tela kama lilivyotoka kiwandani, halina maji, halina mizigo, halina hata kijiko. Sasa piga hesabu: galoni moja ya maji ni paundi 8 na kitu, tanki la galoni 40 likijaa ni kama paundi 330, weka mitungi miwili ya gesi, betri, mablanketi, masufuria, viti vya kukunja, baiskeli za watoto, unga na mchele wa wiki nzima, kabla hamjafunga mlango mmeshavuka 5,000. Nendeni mkaangalie stika iliyobandikwa ubavuni mwa tela, upande wa dereva kule mbele, kuna herufi GVWR na namba pembeni yake, ule ndo uzito wa mwisho tela linaoruhusiwa kufika likiwa na kila kitu ndani, na hiyo ndo namba ya kulinganisha na gari yenu, siyo ya tela tupu.

Alafu kuna jambo muuzaji hakulitaja kabisa. Tela halivutwi tu, linailalia gari pia. Pua yake inatakiwa iilemee gari kwa asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wa tela lote, ikiwa nyepesi zaidi ya hapo mkia unaanza kuyumba mkiwa kwenye kasi ya haiwei na malori yanawapita, na kuyumba huko kukishashika kasi ni hatari kubwa. Kwa hiyo tela la paundi 5,000 linaweka paundi 500 mpaka 750 mgongoni mwa Highlander. Fungua mlango wa dereva, kuna stika pale inasema jumla ya watu na mizigo isizidi paundi kadhaa. Toa uzito wenu nyote watano, toa hiyo pua, toa na vitu vya kwenye buti, uone kama kinabaki kitu. Sisi tumekua tunaona malori yanapangwa foleni kwenye mizani kama pale Vigwaza tukadhani hayo ni mambo ya wenye malori, ila huku hata mwenye tela dogo anajipeleka mwenyewe mizani, vituo vikubwa vya mafuta vya malori wanazo na unalipa hela kidogo unapewa karatasi yako.

Kwa gari yenu mi ningetafuta tela ambalo GVWR yake ni 3,500 mpaka 4,000, yapo madogo yenye vitanda vya deki, mtabanana ila mtafika. Na mfungiwe kifaa cha breki za tela kwenye gari, msiondoke yadi bila hicho.

Kuhusu mkopo, tela linashuka bei haraka sana, tena linashuka haraka kuliko deni linavyopungua, kwa hiyo mwaka wa tatu mkitaka kuliuza mtakuta limepoteza hela nyingi na bado mnadaiwa. Na bado kuna bima, na kama mtaa wenu hauruhusu kuliegesha nyumbani kuna kodi ya kuliweka kila mwezi. Nunueni la 7,000 taslimu, elfu mbili zibaki kwa matairi, betri na mipira ya maji. Nasema hivyo nikijua la 7,000 litakuwa la zamani, na la zamani linanileta kwenye kitu kinachoua matela kuliko kingine chochote, nacho ni maji kuvuja.

Tela langu la kwanza nililinunua kwa mtu binafsi, lilikuwa linang'aa, mapazia mapya, limepuliziwa manukato mpaka nikasema mwenyewe ni msafi kweli. Wiki ya pili nikainua godoro la kule mbele nikabonyeza kona kwa dole gumba, plaiwudi ikaingia ndani kama mkate uliochovywa kwenye chai, na kidole kilipotoka kilikuwa cheusi, kinanuka ukungu. Maji yalikuwa yanaingia juu kwenye ule mshono wa paa, miaka na miaka, taratibu. Kulitengeneza kulikula karibu nusu ya nilichonunulia. Manukato sasa nikiyasikia kwenye tela linalouzwa naanza kutafuta yanaficha nini.

Kwa hiyo mkienda kuangalia msiende na macho, nendeni na mikono. Inueni magodoro yote, bonyezeni kona zote nne na chini ya madirisha, vueni viatu mtembee na soksi hasa mlangoni na mbele ya choo, sakafu ikibonyea ondokeni. Nje mlaze shavu karibu na ubavu mtazame kwa mshazari, mkiona ukuta umevimba kama mawimbi jua maji yameshaingia. Pandeni ngazi muone paa, ule ulimbo unaozunguka matundu ya hewa ukiwa umepasuka muulize mara ya mwisho ulikaguliwa lini, na likishakuwa lenu mpande nyie wenyewe angalau mara mbili kwa mwaka. Tairi zisiwadanganye kwa kashata nzuri, angalieni namba nne za mwisho baada ya herufi DOT, ikiwa 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018, na tairi la tela likishapita miaka 5 au 6 hesabu bei ya jipya hata kama halijalika. Mwambieni muuzaji awashe friji siku moja kabla, hizi za gesi zinachukua masaa mengi kupoa, akikataa ana sababu. Na kama hamjiamini, wapo wakaguzi wa RV wanaojitegemea wenye cheti cha NRVIA, chama chao cha wakaguzi, ni dola mia kadhaa, mi ningelipa.

Smoky Mountains ni pazuri mno ila kambi karibu zote za ndani ya hifadhi hazina pa kuchomeka umeme wala maji kwenye eneo lako, na Julai na watoto watatu bila AC mtateseka, tafuteni kambi za watu binafsi upande wa Townsend au Pigeon Forge, na muwahi kubuku. Ila safari ya kwanza isiwe hiyo. Nendeni Alum Creek hapo hapo jirani, wikendi moja, kilichosahaulika mtakifuata nyumbani. Na kabla ya hapo tafuteni uwanja mtupu mjifunze kurudi nyuma: shika usukani kwa chini, mkono ukienda kushoto na mkia wa tela unaenda kushoto. Mmoja aendeshe mwingine asimame nyuma, na mkubaliane ishara za mikono mapema, dereva akiwa hamuoni mwenzake kwenye kioo asimame hapo hapo.

SWALI: Kaka, tumenunua RV mwezi wa nne, choo kinanuka na tanki halimwagiki lote hata tukifungua mpaka mwisho. Tukiwa kambini huwa tunaunga bomba tunaacha koki wazi ili lijimwage lenyewe. Tatizo nini?
Baba wa Houston

JIBU: Tatizo ndo hiyo koki wazi, kaka. Maji yanakimbia yote, uchafu mzito unabaki unajenga kichuguu chini ya choo. Funga koki ya choo, tumia maji mengi kila mnapoflashi, subiri tanki lifike kama theluthi mbili ndo umwage, choo kwanza, alafu ya maji ya sinki na bafu yafuate ili yasafishe bomba. Kwa sasa jaza maji mpaka karibu na juu, liendeshe kidogo yachapane, mwaga, rudia mara tatu nne. Karatasi ya choo ijaribu kwenye chupa ya maji, tikisa, isipochanguka usiitumie. Vaa glovu, na mpira wa maji ya kunywa usiguse kabisa upande huo.

SWALI: Mbona kila nikichemsha chai asubuhi umeme wa tela unakatika? Na je, baridi ya Minnesota tela linabaki nje tu?
Dada wa Minneapolis

JIBU: Umeme wa ampea 30 ni wati 3,600 basi, AC na birika na mikroweva kwa pamoja vinavuka hapo na swichi inajikata kukulinda. Zima AC dakika tano au chemshia kwenye gesi.

Nje linaweza kubaki ila maji yasibaki ndani hata tone, yakiganda yanapasua mabomba na utagundua mwezi wa nne. Mwaga matanki yote, boila iache ipoe kwanza ndo uifungue, uitenge kwenye mabomba, alafu vuta kwa pampu ile dawa ya pinki ya RV ya kuzuia mabomba yasigande, fungua bomba moja moja la moto na la baridi mpaka itoke pinki, usisahau bafu na choo. Mimina kikombe kwenye kila tundu la sinki. Betri iingize ndani ya nyumba.