Usianze na bango, anza na muhtasari

Kijana mmoja wa Bahi ameniandikia wiki iliyopita. Amemaliza chuo hapa Dodoma, amerudi nyumbani, na anataka kuanzisha kikundi cha "kupinga bomba la mafuta na kupigania nishati jadidifu". Ananiomba vitu vitatu: mfano wa katiba ya kikundi, majina ya wafadhili, na maneno makali ya kuchapa kwenye fulana. Nimeona nisimjibu peke yake. Ninyi mnaonisoma hapa najua wengi mnataka hicho hicho: kusimama siku moja mbele ya kijiji na kusema hili lisingefanyika bila sisi. Mimi nimesimama. Ni raha, sitawadanganya.

Sasa mdogo wangu, bomba lenyewe Bahi halipiti. Bomba la EACOP, yaani la mafuta ghafi la Afrika Mashariki, linatoka Kabaale, Hoima, kule Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Urefu wake ni kilomita 1,443, na kati ya hizo 1,147 ziko kwetu. Huku kanda ya kati linakatiza Singida na kugusa Kondoa na Chemba kabla ya kuelekea Kiteto. Ukiitisha mkutano Bahi kupinga bomba watu watakuja, watakusikiliza kwa adabu, wakimaliza watakuuliza kisima kitatengenezwa lini. Na watakuwa na haki. Watu wa huku hawakusanyiki kwa ajili ya mafuta, wala hawakusanyiki kwa ajili ya jua. Wanakusanyika kwa ajili ya ardhi na maji. Ukilishika hilo, hutaanza tena kwa kuuliza nishati ipi safi na ipi chafu. Utaanza kwa kuuliza nani amesaini nini, na lini.

Nimejuaje? Nimesomea uhazili Tabora, enzi za hatimkato na kupiga mashine bila kutazama vidole. Nikaajiriwa na taasisi moja hapa mjini, jina nalihifadhi, iliyokuwa ikizunguka vijijini kuelimisha watu kuhusu ardhi na miradi ya nishati. Wenzangu walikuwa wanasheria na watu wa mazingira. Mimi nilikuwa "yule dada wa kompyuta". Kwenye gari nilikaa nyuma kabisa na maboksi ya vipeperushi. Wao wanahutubia, mimi naandika. Wao wanaulizwa maswali na waandishi wa habari, mimi nahesabu risiti za soda.

Upande wa Manyoni kuna kijiji ambacho sitakitaja, maana mambo yake bado yanaendelea. Kampuni moja ya umeme wa jua ilikuwa imekwenda kutafuta eneo. Wenzangu walifurahi mno. Jua! Hakuna moshi, hakuna mafuta ya kumwagika. Mtu wetu wa mazingira alizisifu paneli hadi wazee wakaanza kusinzia chini ya mbuyu. Lakini eneo lililokuwa limepimwa ni mbuga ya malisho, pale ng'ombe wanapokimbilia Septemba na Oktoba majani yakiisha kwingine kote. Anayeijua Ugogo ya kiangazi hahitaji kuelezwa zaidi.

Mtendaji akatuonyesha, kwa fahari, muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji ulioridhia. Umechapwa vizuri, una muhuri, na nyuma yake kuna karatasi za majina na sahihi. Wanasheria wakautazama, wakasema kila kitu kipo. Mimi nikaomba niusome. Hakuna aliyenizuia, karani ananyimwa karatasi na nani? Ulikuwa na ajenda moja. Haukuonyesha mkutano ulifunguliwa saa ngapi. Haukuonyesha mtu hata mmoja aliyeuliza swali. Mkutano mkuu wa kijiji, unahusu malisho, na hakuna aliyeuliza swali, kwa Wagogo hawa ninaowajua mimi? Tena zile karatasi za majina hazikuwa na kichwa cha habari. Sehemu ya juu ilikuwa imefichwa wakati wa kutoa kopi, alama ya karatasi iliyofunikia ilionekana.

Nikasimama nikaanza kusoma majina kwa sauti, moja baada ya jingine. Bosi wangu akanitazama kama mtu aliyeona mbuzi kapanda meza. Nilipofika kwa bibi mmoja akanyanyua fimbo yake.

"Mjukuu wangu, hebu rudia hapo."

Nikarudia.

"Siku hiyo mimi nilikuwa Itigi, nimelazwa. Nani alinitilia dole gumba?"

Mtoto akatumwa nyumbani kwa baiskeli, akarudi na kadi ya kuruhusiwa hospitali, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya kliniki ya mjukuu na risiti ya mtama. Tarehe zikasema kweli. Mzee mwingine akasogea, akaangalia, akasema sahihi ile ni yake kabisa, ila aliiweka siku ya semina ya mifugo, alipokuwa anachukua soda na nauli. Wa tatu naye hivyo hivyo. Usingizi ukaisha chini ya mbuyu.

Yaliyofuata ni barua, foleni, ofisi ya ardhi ya wilaya, njoo kesho, afisa yuko Dodoma kikaoni. Nayaruka. Mwishowe mkutano mkuu uliitishwa upya, muhtasari ule ukafutwa, na kijiji kikatoa eneo jingine, la mawe na vichaka. Mbuga ikabaki kwa ng'ombe. Kampuni ilikubali.

Ilikubali kwa sababu ilijua sheria kuliko sisi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, inasema ardhi ya kijiji ikitakiwa kuhamishwa kuwa ardhi ya jumla, yaani itoke mikononi mwa kijiji, na eneo halizidi hekta 250, mkutano mkuu wa kijiji ndio unaokubali au kukataa. Likizidi hapo uamuzi unapanda kwa Waziri, akishapokea mapendekezo ya kijiji. Tena hakuna kuhamisha chochote kabla aina ya fidia, kiasi chake na muda wa kulipa havijakubaliwa. Piga hesabu sasa. Megawati 1 ya paneli hula karibu hekta 2. Mradi wa megawati 50, kama ule wa awamu ya kwanza Kishapu, Shinyanga, ni kama hekta 100 hivi. Maana yake miradi mingi ya jua inaangukia mikononi mwa mkutano mkuu wa kijiji, yaani mikononi mwa yule bibi. Wanaharakati wa mjini, wenye hasira zote na bomba, ndio wanaoliacha jua lipite bila swali kwa sababu ni "safi". Ni safi, na mimi nalipenda. Ila paneli hazielei hewani.

Bomba ni habari nyingine. Ardhi ikitwaliwa kwa manufaa ya umma, mamlaka ni ya Rais na ridhaa ya kijiji si sharti. Kinachobaki mkononi mwa mwananchi ni fidia na tarehe. Kwa Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016, fidia ikipita miezi 6 tangu uthamini uidhinishwe bila kulipwa, inaanza kudai riba, na ikipita miaka 2 uthamini wenyewe unakufa, unafanywa upya. Riba hiyo utaidaije kama hujui mthamini alifika kwako lini na aina gani ya miembe aliiandika kwenye fomu? Mwambie kila mwenye shamba apige picha fomu yake siku hiyo hiyo, kabla haijapanda gari.

Tarehe si mchezo. Mwaka 2020 mashirika manne ya kiraia yalikwenda Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, kulipinga bomba hilo hilo. Yalikuwa na hoja nzito za mazingira na haki za watu. Novemba 2023 shauri likatupwa bila hoja hizo kuamuliwa. Sababu? Yamechelewa. Makubaliano kati ya Tanzania na Uganda yalitiwa saini 2017, na mkataba wa Jumuiya unampa mlalamikaji miezi miwili tu. Niliposoma habari ile nilijisikia vibaya kana kwamba ni shauri langu.

Upande wa pili wa dunia tarehe na karatasi ziliwabeba watu. Kuna mji mdogo unaitwa Dryden, jimbo la New York, Marekani. Makampuni ya gesi yalikuwa yamekodi ardhi nyingi pale ili kupasua miamba. Ufanyaji wake ni huu: kisima kinashuka chini sana, kinapindishwa kilale, kisha maji yenye mchanga na kemikali yanasukumwa kwa shinikizo hadi mwamba upasuke na gesi itoke. Kisima kimoja kinaweza kunywa lita milioni 10 na zaidi. Watu wa Dryden hawakwenda kulala mbele ya mitambo. Walikwenda kwenye baraza la mji, na mwaka 2011 wakabadilisha kanuni za matumizi ya ardhi: eneo hili halina nafasi ya shughuli hiyo. Wakashtakiwa, wakang'ang'ana, na Juni 2014 mahakama ya juu kabisa ya jimbo ikasema mji una haki hiyo. Mwishoni mwa mwaka huo jimbo zima likatangaza marufuku.

Sisi tunayo ya kwetu. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007 inakipa kijiji nguvu ya kutengeneza mpango wake: hapa malisho, hapa makazi, hapa chanzo cha maji. Haimfungi mikono Rais, lakini mwekezaji akija akakuta mpango upo, anaongea na ninyi kwa sauti ya chini. Na tafadhali msiwatishe watu kwa kitu ambacho hakipo. TPDC, shirika letu la mafuta la taifa, inatafuta mafuta bonde la Eyasi-Wembere, linalogusa Singida. Kutafuta si kupasua. Hata gesi yetu ya Songo Songo na Mnazi Bay inatoka bila kupasuliwa mwamba. Swali la maji uliza, tena uliza mapema, maana mji huu wa Dodoma wenyewe unakunywa maji ya chini ya ardhi kutoka Makutupora. Lakini ukisema "wanakuja kulipua miamba" na haikuwa kweli, siku utakaposema kweli hutasikilizwa.

Na mabango? Mtwara 2013, watu walipopinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, mabango yalikuwepo, na "gesi haitoki" nchi nzima iliisikia. Watu walikufa, nyumba zilichomwa, na bomba likajengwa. Madai yao yalikuwa na msingi, siwacheki. Nasema tu usiwapeleke watoto wa wenzio barabarani wakati kabati la ofisi ya kijiji hujalifungua.

Labda mnajiuliza ilikuwaje kwangu baada ya ule mbuyu. Taasisi ilitoa ripoti yenye picha za rangi. "Timu yetu ya wanasheria iligundua kasoro katika nyaraka." Jina langu halipo. Picha ya bibi na kadi yake ipo, na mkono unaoonekana pembeni umeshika karatasi ni wangu; wamenikata begani. Kwenye uzinduzi nilialikwa, nikaombwa, kwa kuwa mwandiko wangu mzuri, nichukue kumbukumbu za kikao. Nikachukua. Kwenye orodha ya waliohudhuria nikajiandika namba moja, juu ya mgeni rasmi. Baadaye niliacha kazi, na sasa vijiji vinaniita vyenyewe, kwa nauli yao. Wale wanasheria bado wananipigia kuniuliza muundo wa muhtasari. Huwa napokea, lakini si mara ya kwanza.

Basi nisikilizeni, ninyi wasomi wa leo. Mmelewa maandiko ya miradi. Kikundi hakijafika kitongoji hata kimoja tayari kina nembo, mhasibu na ukurasa wa Instagram. Fedha ya mfadhili ikija kabla ya watu, watu watakuja kwa ajili ya posho, na atakayewapa posho kubwa zaidi atawachukua mchana kweupe. Sina majina ya wafadhili na ningekuwa nayo nisingewapa. Nunueni kaunta buku. Nendeni mkutano mkuu wa kijiji, ambao kwa utaratibu hukaa kila miezi mitatu, mkae, muandike. Nani aliongea, alisema nini, saa ngapi. Msiitishe kikao siku ya mnada, wala wakati wa palizi, wala jioni wanawake wakiwa kisimani, halafu mkalalamika kwamba jamii haina mwamko. Mwamko upo, ila na palizi ipo. Andikeni. Kila karatasi ya mahudhurio iwe na kichwa cha habari na tarehe juu ya kila ukurasa, si ukurasa wa kwanza tu. Majina yakiisha, chora mstari chini ya la mwisho ili asiongezwe mtu. Muhtasari usomwe kwa sauti mbele ya mkutano kabla ya sahihi, hata kama mwenyekiti ana haraka, hata kama mgeni ana ndege Dodoma. Rudieni kuandika mpaka mkono uchoke.

Halafu nakala ziwe tatu. Moja kwa mtendaji wa kijiji, moja ipelekwe kata na igongwe muhuri wa kupokelewa, ya tatu mpeni mtu asiye kiongozi na asiye na mpango wa kugombea. Uchaguzi wa Novemba 2024 ulipopita, kule kijijini mwenyekiti mpya alikabidhiwa kabati lenye stakabadhi za zamani na nyuki. Nakala iliyotumika kwenye mazungumzo na kampuni ilitoka kwenye sanduku la nguo la bibi, na alimsainisha mwenyekiti kwanza, kwenye daftari lake mwenyewe, ndipo akaitoa.