Mume wangu anasema kubeti kwake kumeandikwa. Je, ana dhambi?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mume wangu anabeti. Muhula huu alichukua ada ya mtoto akaiweka yote kwenye mkeka, mkeka ukachanika. Nikimsemesha ananijibu: "Hata jani halianguki ila kwa kutaka Allah. Asingetaka, nisingebeti." Nimekosa la kumjibu. Je, mtu huchagua maovu, au huwa ameshaandikiwa? Na mimi nifanyeje?

JIBU: Waalaykumu s-salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Amechagua mwenyewe, na dhambi ni yake.

Kwanza, hiyo aya ameipinda. Suratul An'am, aya ya 59, inasema halianguki jani ila Allah analijua. Imetaja kujua, haikutaja kulazimisha. Ni kweli kwamba hakitokei kitu nje ya matakwa Yake, lakini kutaka kitokee si kukiridhia. Na hoja ya mumeo imo katika sura hiyohiyo, aya ya 148, nayo ni ya washirikina: lau Allah angetaka tusingeshirikisha. Wakajibiwa: je, mna elimu yoyote mtutolee? Yaani, nani alikuonyesha kilichoandikwa kabla hujatenda? Mumeo alipobonyeza kuweka dau hakuwa amesoma Lauhul Mahfudh, ubao uliohifadhiwa ambamo yote yameandikwa. Aliifuata tamaa yake, qadari (makadirio ya Allah) akaikumbuka baada ya mkeka kuchanika.

Wapo waliosema mja hana hiari kabisa, hao ni Jabriya. Wapo Qadariya waliosema matendo ya mja hayamo katika qadari ya Allah. Ahlu Sunna wamekataa yote mawili: Allah ndiye muumba wa tendo, mja ndiye mchumaji wake, yaani analitenda na kubeba hesabu yake, kwa hiari aliyopewa. Ndivyo alivyofundisha Imam Abul-Hasan al-Ash'ari (aliyefariki mwaka 324 Hijria), na ndugu zetu Maibadhi wa Oman na Unguja hawako mbali na hapo.

Huenda akakuletea hadithi ya Adam na Musa, iliyomo katika Bukhari na Muslim, ambamo Adam alimshinda Musa kwa hoja ya qadari. Mwambie aisome vizuri. Wanazuoni wameeleza kwamba Musa alimlaumu kwa msiba wa kutolewa Peponi, na Adam alikuwa ameshatubia. Qadari hutajwa kwenye msiba uliopita, haitajwi kuhalalisha dhambi unayoendelea nayo. Tazama Suratul A'raf: aya ya 16 Iblis anamwambia Mola wake "umenipotoza", aya ya 23 Adam na Hawa wanasema "tumezidhulumu nafsi zetu". Achague anazungumza kwa ulimi wa nani.

Hiari hiyo iko wapi hasa? Wanazuoni wamelipanga kusudio katika ngazi tano. Wazo la kubeti linapita (hajis), linatulia moyoni (khatir), anabishana nalo, niweke elfu tano au niache (hadithun-nafs), anaegemea kuweka (hamm), anaazimia (azm). Tatu za mwanzo haandikiwi kitu. Ya nne, akiacha kwa ajili ya Allah, anaandikiwa jema moja kamili, kama ilivyo katika hadithi ya Ibn Abbas. Azma ndiyo anayohesabiwa, kwa kauli ya wengi. Wengi hukosea kwa kungoja hadi ngazi ya tano ndipo wapigane na nafsi, ilhali pesa imeshaingia kwenye akaunti ya kubetia. Pambano ni pale kwenye elfu tano, ngazi ya tatu.

Kalamu imeinuliwa, yaani haandikiwi dhambi, kwa aliyelala hadi aamke, mtoto hadi abaleghe, na mwendawazimu hadi apate akili. Aliyelazimishwa kikweli pia ana udhuru. Mazoea mabaya hayamo humo: yanadhoofisha hiari, hayaiondoi. Mtu anayegeuza simu mkewe akiingia chumbani bado ana hiari.

Toba yake ina masharti manne: aache, ajute, aazimie kutorudia, na arudishe haki ya mtu. Hili la nne ndilo watu huliruka. Kama ada ile ilikuwa pesa yako au ya mtoto, ni deni shingoni mwake mpaka alipe, hata akilia msikitini usiku kucha. Na akiwahi kushinda, pesa hiyo haimhalalikii. Aitoe kwa mafukara ili ajivue nayo, asitarajie thawabu za sadaka.

Kwa upande wako, Hind bint Utba alimshtakia Mtume (s.a.w.) kwamba mumewe, Abu Sufyan, hampi matumizi ya kumtosha. Akamwambia achukue katika mali yake kinachomtosha yeye na mwanawe kwa wema. Basi matumizi ya lazima ukiyachukua si wizi, ila usipitishe kiasi. Ada ilipwe moja kwa moja shuleni siku mshahara unapoingia, isilale kwenye simu yake. Akikataa, wahusishe wazee wa pande zote mbili, mmoja wa kwake na mmoja wa kwako, kama ilivyoamrishwa katika Suratun Nisaa aya ya 35. Wallahu a'lam.