Nimepata Leseni ya Kukadiria Hasara za Bima: Nianzie Wapi?

SWALI: Ndugu mwandishi, pokea salamu zangu. Mwezi uliopita nilifaulu mtihani na kupewa leseni ya kukadiria hasara za bima. Tangu hapo nimetuma maombi mengi ya kazi, lakini karibu kila tangazo linadai uzoefu wa miaka miwili au mitatu. Rafiki yangu ananishauri nijiunge na wakadiriaji wanaopelekwa katika maeneo yaliyopigwa na dhoruba, kwa sababu huko mtu hulipwa kwa kila faili la dai analoshughulikia na huweza kuvuna fedha nyingi kwa miezi michache. Moyo wangu unasita, kwa kuwa najiona sijaijua kazi. Je, nifuate ushauri huo? Na ni jambo gani hasa ninalopaswa kujifunza ambalo mtihani haukunifundisha?
Msomaji mwenye leseni mpya

JIBU: Ndugu msomaji, hongera kwa kufaulu, na usiuonee haya moyo wako unaosita, maana umeona jambo ambalo wengi hawalioni mpaka wamekwisha kuumiza mtu. Leseni inathibitisha kwamba unazijua kanuni na kwamba sheria inakuruhusu kuzitumia. Haithibitishi kwamba unaweza kusimama mbele ya ukuta uliolowa na kueleza maji yametoka wapi.

Nianze na ushauri wa rafiki yako. Wakadiriaji wako wa namna tatu kwa jumla: walioajiriwa na kampuni ya bima na kulipwa mshahara, wa kujitegemea, ambao kampuni za bima huwapa kazi kwa mkataba, na ambao mara nyingi hulipwa kwa faili, na wale wanaoajiriwa na mwenye bima mwenyewe, yaani mteja aliyekata bima, ili wamsaidie kudai haki yake. Wanaokimbilia maeneo ya dhoruba wengi wao ni wa kundi la pili. Ni kweli kwamba baadhi yao hupata fedha nyingi, lakini rafiki yako amekueleza upande mmoja tu. Kwa kawaida nauli, malazi, ngazi, kompyuta na programu ya kukokotoa gharama hutoka mfukoni mwako, faili likirudishwa kwa marekebisho malipo nayo husubiri, na dhoruba isipotokea hakuna kazi. Mtu anayejua kazi hufunga mafaili kadhaa kwa siku na akapata faida, ilhali asiyejua hukesha na faili moja, likarudishwa mara tatu, na mwisho wa mwezi akagundua kwamba ametumia zaidi ya alichoingiza.

Hilo la fedha, hata hivyo, si sababu yangu kubwa. Sababu yangu ni kwamba hasara za majanga ndizo zenye maswali magumu kuliko zote kuhusu chanzo cha hasara, na chanzo ndicho kinachoamua kama mwenye bima atalipwa au hatalipwa. Kimbunga Katrina kilipoipiga pwani ya kusini ya Marekani mwaka 2005, maelfu ya nyumba ziliharibiwa na upepo na maji kwa pamoja. Bima za kawaida za nyumba nchini humo zilifidia madhara ya upepo lakini hazikufidia mafuriko, ambayo yalihitaji bima ya peke yake. Kwa hiyo mkadiriaji aliyefika mbele ya msingi uliobaki mtupu alitakiwa kusema ni kipi kiliiangusha nyumba, na kilianza kipi. Mashauri ya aina hiyo yaliendelea mahakamani kwa miaka. Mimi sitaki faili lako la kwanza maishani liwe la namna hiyo, na kwa hakika mwenye nyumba pia hastahili kupewa mtu anayejifunzia kwenye msiba wake bila msimamizi.

Ili uone ugumu wa jambo hili, fikiria kisa cha meli ya Ikaria, ambacho wanafunzi wa sheria ya bima hukisoma hadi leo. Mwezi Januari 1915, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, meli hiyo ilipigwa na torpido, yaani kombora la majini, la Wajerumani karibu na Le Havre, Ufaransa. Haikuzama, ilifikishwa bandarini ikiwa na tundu. Upepo mkali ukavuma, meli ikawa inagongagonga gati, na wakuu wa bandari, kwa kuhofia kwamba ingezama na kuziba mahali pa kupakulia, wakaamuru ihamishiwe upande wa nje. Huko ikawa inakwama chini kila maji yalipokupwa, mpaka ikavunjika na kuzama. Bima yake ilifidia hatari za bahari lakini iliondoa madhara ya vita. Mtu mwenye haraka angeandika kwamba meli imezamishwa na upepo na maji, kwa sababu hayo ndiyo yaliyotokea mwisho. Mwaka 1918 majaji wa Baraza la Malodi la Uingereza, lililokuwa mahakama ya juu kabisa wakati huo, waliamua kwamba chanzo chenye nguvu kilikuwa torpido, kwa kuwa meli haikuwahi kutoka katika hatari iliyoletwa nalo, na dai likakataliwa. Unapochunguza paa linalovuja, swali lako ni hilohilo: usitafute kilichotokea mwisho, tafuta chanzo chenye nguvu kilicholeta hasara.

Basi uanzie wapi? Tafuta nafasi iliyo chini ya paa la kampuni, hata kama jina la kazi si la mkadiriaji: kupokea taarifa za madai, kupanga nyaraka, kushughulikia madai madogo ya magari kutoka mezani. Wenzako wa mtihani wataona kwamba umejishusha. Huko ndiko utakakosoma mafaili mia kadhaa yaliyoandikwa na wengine, ukaona lipi lililipwa kwa wiki moja na lipi lilizaa ugomvi wa miaka miwili, na ukaanza kutambua tofauti yao iko katika ukurasa gani. Omba pia kufuatana na mkadiriaji mkongwe, umshikie ngazi na utepe wa kupimia, bila kudai malipo makubwa. Kuhusu matangazo yanayodai uzoefu, peleka maombi hata hivyo, na uambatishe kazi ya mkono wako. Chukua chumba unachoishi, kipime, kichore, jifanye kimeungua au kimeingiwa na maji, kisha andika ripoti kamili pamoja na makadirio ya matengenezo ya kila kitu, kuanzia dari hadi sakafu. Mwajiri akiona ripoti nadhifu ya mtu asiye na uzoefu, ana kitu cha kupima. Kama umewahi kufanya ujenzi, ufundi wa magari, uuguzi au uhasibu, litaje hilo mwanzoni kabisa, kwa sababu ni rahisi kumfundisha fundi lugha ya bima kuliko kumfundisha mjuzi wa bima jinsi ukuta unavyojengwa.

Sasa nije kwenye lile ambalo mtihani haukukufundisha, na hapa nitakueleza kosa langu mwenyewe. Katika mwaka wangu wa kwanza nilipelekwa kwenye nyumba iliyoharibiwa na maji ya bomba. Hati ya bima ilifidia bomba linalopasuka ghafla, lakini haikufidia uvujaji wa polepole. Niliona ukungu na mbao zilizooza, nikaona kutu kwenye kipande cha bomba, nikaandika kwa ujasiri kwamba uvujaji ulikuwa wa muda mrefu, na dai likakataliwa. Mwenye nyumba akapinga, akasema kwamba uozo ule ulitokana na uvujaji wa zamani uliokwisha kurekebishwa, na kwamba safari hii bomba lilipasuka usiku mmoja. Msimamizi wangu alilisoma faili, akaniuliza swali moja: "Bomba liko wapi?" Sikulihifadhi. Picha niliyokuwa nayo ilipigwa kwa mbali, haikuonyesha hata mahali lilipopasukia, na fundi alikuwa ameshalitupa. Hatukuweza kuthibitisha kwamba mwenye nyumba amekosea, na mimi hadi leo siwezi kusema kwamba nilikuwa sahihi. Alilipwa baada ya miezi mingi ya kuishi katika nyumba yenye unyevu, na miezi hiyo nilimsababishia mimi.

Ripoti yako inapaswa kuandikwa kwa namna ambayo mtu asiyekuwepo, akiisoma mwaka mmoja baadaye, ataweza kuona ulichokiona na kuipima hukumu yako. Piga picha ya nyumba kutoka nje kwanza, kisha chumba kizima, kisha eneo lenye madhara, kisha sehemu iliyoharibika kwa karibu pamoja na kipimo kando yake. Piga picha hata za mahali pasipoharibika, kwa kuwa mara nyingi hapo ndipo penye jibu. Tenganisha ulichokiona, ulichoambiwa, na unachodhani. Ukiandika "maji yalivuja kwa miezi sita" bila kueleza umejuaje, umeandika dhana na kuivisha nguo ya ushahidi. Na kitu chochote kinachoonyesha chanzo, liwe bomba, waya au kigae, kihifadhi kikiwa na tarehe na jina la aliyekikabidhi.

Jambo jingine ni kuisoma hati ya bima yenyewe kabla ya kufika kwenye eneo la tukio, yote, pamoja na kurasa za nyongeza. Wageni wengi wa kazi hii husoma ukurasa wa kwanza wenye kiwango cha bima na kuishia hapo. Chukua mfano wa nyumba yenye thamani ya milioni 100 iliyokatiwa bima ya milioni 60 tu. Jiko likiungua na hasara ikawa milioni 20, mwenye nyumba ataamini kwamba atalipwa zote, kwa sababu 20 ni ndogo kuliko 60. Ikiwa hati ina kipengele cha kugawana hasara kwa uwiano, atalipwa asilimia 60 ya hasara, kwa kuwa bima yake ni asilimia 60 ya thamani ya nyumba, yaani milioni 12, kabla ya kuondoa ile sehemu ambayo mkataba unamtaka ajilipie mwenyewe. Ukimwambia siku ya kwanza kwamba "utalipwa zote, usijali," halafu barua ikaja na milioni 12, umemdhulumu kwa maneno matamu. Kwa hiyo usiahidi malipo, na usimkatalie mtu ukiwa umesimama mlangoni mwake. Mweleze utakachofanya, lini atasikia kutoka kwako, na nyaraka gani azitafute. Kisha mpigie simu siku uliyosema, hata kama huna jipya la kumwambia. Malalamiko mengi niliyoyashughulikia yalianza na ukimya, si na kiasi cha fedha.

Ukishafanya kazi hivyo kwa mwaka mmoja au miwili, ukawa unaweza kufunga faili la maji, la moto na la upepo bila kurudishiwa, hapo mfuate rafiki yako kwenye dhoruba ukipenda. Kazi ile ni ya heshima na inahitaji watu hodari. Angalia tu masharti ya leseni kabla ya kufunga safari, kwa sababu ruhusa uliyopewa mahali pamoja haivuki mipaka yenyewe. Nchini Marekani, kwa mfano, kila jimbo lina utaratibu wake, na yapo majimbo yasiyodai leseni kabisa kwa baadhi ya wakadiriaji.

SWALI: Nilikwenda kukagua duka lililoungua, na mama mwenye duka akalia mbele yangu kwa muda mrefu. Sikujua niseme nini, nikaanza kupima kuta. Je, nilikosea?
Mwanafunzi wa kazi

JIBU: Hukukosea kwa kukosa maneno, ila kipimo kingeweza kusubiri. Weka vifaa chini, mpe pole, keti ikiwa pana pa kuketi, na umwache azungumze. Usimkatize kwa maswali ya tarehe na stakabadhi. Akishatulia, mwombe akutembeze mwenyewe na akuonyeshe kila kitu kilikaa wapi. Kutembea humrudishia mtu nguvu, na utapata orodha ya mali iliyo sahihi zaidi kuliko ile ambayo angeiandika peke yake. Usimwambie kwamba unaelewa anavyojisikia, na usiichukulie huruma yako kama ushahidi. Unaweza kumhurumia mtu na bado ukamwuliza kwa adabu swali gumu kuhusu hesabu zake.

SWALI: Fundi mmoja wa ujenzi ameniahidi asilimia fulani ya kila kazi nitakayompelekea kutoka kwa wenye madai. Anasema ni desturi katika kazi hii. Je, nikubali?
Msomaji anayeanza

JIBU: Usikubali, na ukatae kwa maandishi. Ukipokea sehemu ya malipo ya fundi, kila kipimo utakachoandika kitakuwa kinakunufaisha wewe, na hakuna atakayeweza kuamini kwamba ukuta ulihitaji kubomolewa kweli. Mahali pengi jambo hilo hugharimu leseni, na pengine huishia mahakamani. Mwenye bima akikuuliza fundi wa kumtumia, mwachie achague mwenyewe, au mpe majina kadhaa kutoka orodha iliyoidhinishwa na kampuni ikiwa ipo. Mwarifu pia msimamizi wako leo hii kuhusu ahadi hiyo, ukitaja tarehe na maneno yaliyotumika, kabla fundi huyo hajamfuata mkadiriaji mwingine katika ofisi yenu.