Paa linavuja, nani alipe?

SWALI: Fleti yangu iko ghorofa ya juu, Kigoma mjini. Mvua imelowesha dari, na majirani wa chini wanasema nitengeneze mwenyewe. Ni haki?

JIBU: Hapana. Kwa Sheria ya 2008 ya umiliki wa sehemu za majengo, paa ni mali ya pamoja. Wamiliki wote huchangia, kila mmoja kwa kadiri ya hisa yake. Bomba linalohudumia fleti yako tu ndilo lako.

Kabla ya kudaiana, pimeni: zibeni matundu ya kutolea maji, jazeni maji ya kina cha sentimita 3 juu ya zege la paa, subirini saa 24. Mara nyingi maji hupenya kwenye kona za ukuta na kuzunguka mabomba, si katikati. Jengo likiwa jipya, someni mkataba: kama muda wa mkandarasi kurekebisha kasoro haujaisha, mwandikieni barua yenye picha kabla fundi mwingine hajagusa zege.