Nimezoea kamera porini, jenomu nianzie wapi?

SWALI: Mhariri mambo vipi, mimi nimesomea wanyamapori, kazi yangu kuhesabu wanyama na kutega kamera, sasa naambiwa nikajifunze data za jenomu (yaani DNA yote ya mnyama). Kwani zinaongeza nini? Na hizo kompyuta si zitanitoa jasho?

JIBU: Jasho litakutoka, sikudanganyi. Ila kamera inakuonyesha wanyama wapo, jenomu inakwambia kama wanazaana ndugu kwa ndugu. Cheki puma wa Florida, wale paka wakubwa wa porini huko Marekani, walibaki kama 20 hadi 30 tu, mikia imepinda, mioyo ina kasoro, 1995 wakaletewa majike 8 kutoka Texas na watoto waliozaliwa hapo wakawa na afya zaidi, idadi ikapanda. Maamuzi kama hayo ndo yanahitaji mtu anayeelewa data.

Anza na Linux (mfumo wa kuendesha kompyuta) na R (lugha ya kuchambulia data), mdogo mdogo, halafu jenetiki yenyewe. Sampuli nazo usizidharau, kinyesi na manyoya mara nyingi vina DNA kidogo tena imechakaa, na sampuli mbovu hakuna programu ya kuiokoa. Tafuta kozi wanayokuruhusu uje na data zako, zile za slaidi asubuhi mpaka jioni (nimezikaa, nasinzia tu) achana nazo.